Nasaba ya Beleshi Lisilo Jina

Lipo katika lugha yetu neno katapila, ambalo dereva wa Mwanza na mvunja mawe wa Kilifi hulitamka kwa mtambo wowote utambaao kwa minyororo, usukumao udongo na kung'oa visiki, bila ya kujali umetoka katika kiwanda gani. Na ni wachache miongoni mwao wakumbukao kwamba neno hilo kwa asili yake si jina la kitu bali ni jina la mtengenezaji, yaani ile kampuni ya Marekani iliyozaliwa mwaka 1925 kwa kuungana viwanda viwili vilivyokuwa mahasimu, kimoja cha Benjamin Holt na kimoja cha C. L. Best, ikarithi kwa Holt jina la kiwavi, kwa kuwa mtambo wake ulitambaa juu ya udongo laini mfano wa mdudu huyo juu ya jani. Chapa ya kampuni hiyo ilibahatika kuliko chapa nyingi, maana hata rangi yake ikibabuka na bamba lake likidondoka, jina limekwisha kukaa vinywani mwa watu ambao hawakupata kulisoma mahali popote.

Ninayotaka kuyaeleza hapa ni habari ya vitu vilivyofikwa na kinyume cha bahati hiyo. Navyo ni mitambo ya ujenzi pia, lakini midogo, ya kuchezewa na watoto: mabeleshi ya mvuke, greda, winchi, malori ya kumwaga mchanga na mitambo ya kushindilia barabara, iliyotengenezwa kwa chuma na bati huko Marekani na Uingereza tangu baada ya Vita Kuu ya kwanza mpaka miaka ya 1950, ikachezewa mchangani na mvuani hata jina likafutika, au pengine ikatoka kiwandani bila ya jina tangu siku ya kwanza. Mrithi wa nyumba ya zamani huukuta mtambo wa namna hii darini au katika banda la zana, akaufuta vumbi, akaupindua kutazama tumbo lake, asione herufi hata moja. Wenye biashara ya mnada huuliza ni kazi ya nani kwa ajili ya bei, wala hawana lawama, kwani jina likijulikana bei hupanda. Mimi nauliza kwa kuwa nyuma ya kila kimoja palikuwa na karakana, na katika karakana palikuwa na watu waliojua wanachokifanya. Naona ni dhuluma kazi njema ya mikono ikae duniani kama mtoto wa kuokotwa, ilhali dalili za wazazi wake zimejaa mwilini mwake.

Yafaa kwanza tujue kwa nini beleshi la mvuke, mtambo mzito, wenye kelele na moshi, lilipendwa na watoto kiasi kile. Baina ya mwaka 1904 na 1914 Wamarekani walichimba mfereji wa Panama, na kazi ile ilitendeka mbele ya macho ya dunia kwa magazeti na picha. Katika mabeleshi ya mvuke 102 yaliyopelekwa huko, 77 yalitoka katika kiwanda cha Bucyrus cha South Milwaukee, Wisconsin. Na Novemba 1906 Rais Theodore Roosevelt, aliyekwenda kujionea kazi mwenyewe, alipanda juu ya mojawapo akiwa amevaa suti nyeupe katikati ya matope, akaketi penye kiti cha fundi, na picha yake ikaenea. Wavulana waliozaliwa katika miaka ile walikua wakijua sura ya beleshi kama watoto wa Lamu wajuavyo sura ya jahazi. Hata miaka mingi baadaye, kiwanda cha Hubley cha Lancaster, Pennsylvania, kilipotoa beleshi dogo la chuma cha kusubu lililopandishwa juu ya lori, lilipewa jina la Panama, na hapana mnunuzi aliyehitaji kuelezwa maana yake.

Sababu za kukosekana jina si moja, lakini iliyo kubwa ni nyepesi kuliko zote: aghalabu jina halikuchongwa, lilibandikwa. Lilichapwa juu ya utando mwembamba, ukaloweshwa maji, ukahamishiwa juu ya rangi, nao haukuwa na nguvu ya kushindana na jua, kucha za mtoto na maji ya bombani. Kiwanda cha Charles Wm. Doepke cha Rossmoyne, Ohio, kilichounda mitambo ya kuchezea tangu mwaka 1946 hata 1959, kilikuwa na ada njema ya kuiga mitambo halisi kwa idhini ya wenyewe, kama lori kubwa la Euclid, greda la Adams, mtambo wa kupakia wa Barber-Greene na wa kuchanganyia zege wa Jaeger. Lakini majina hayo yote yalikaa katika utando ule ule, basi ulipobanduka yalipotea majina mawili kwa pamoja, la mwigaji na la mwigwaji. Fauka ya hayo, maduka makubwa yaliyouza kwa katalogi na posta, kama Sears, Roebuck na Montgomery Ward, yalinunua shehena nzima kwa viwanda vidogo na kuiuza kwa jina la duka, na fundi akalipwa fedha yake akakosa sifa yake. Wengine walichapa jina juu ya boksi tu, na boksi lilitiwa motoni siku ya pili ya Krismasi.

Hapo ndipo inapoanza kazi ya utambuzi. Nahodha wa zamani wa pwani yetu hakuhitaji kusoma maandishi ili ajue chombo kinachoingia bandarini kimeundwa wapi: aliutazama mwinuko wa gubeti, umbo la tezi na mkao wa foromali, akasema hiki ni cha Lamu, kile ni cha Waarabu wa Ghuba, naye mara chache alikosea. Wajuzi wa vitu vya kuchezea hutazama vivyo hivyo, na ufunguo wa kutazama kwao, kwa rai yangu, ni kwamba nyingi katika karakana hizi hazikuanza kwa kutengeneza vitu vya watoto. Zilitoka katika kazi nyingine, na mkono uliozoea kazi ya kwanza uliingia katika kazi ya pili na lafudhi yake.

Mathalani, Fred Lundahl alikuwa na kiwanda huko East Moline, Illinois, kilichofunguliwa mwaka 1910 kwa jina la Moline Pressed Steel, kikikandamiza mabati manene kuwa madigadi ya malori ya International Harvester. Alikuwa na mtoto wa kiume, Arthur, naye karibu na mwaka 1920 alimtengenezea lori dogo kwa chuma kile kile cha kiwandani. Rafiki za mtoto wakaliona, wazee wao wakaja kuuliza, na mwaka 1921 malori na mabeleshi ya namna hiyo yakawa yanauzwa madukani. Mtaani kwao palikuwa na mtoto mwingine aliyekuwa akiitwa Buddy, basi Arthur akapambanuliwa kwa kuitwa Buddy L, herufi ya jina la ukoo, na hilo ndilo likawa jina la biashara. Sasa mtu akiliweka mezani beleshi lililofutika jina, refu kupita mkono wa mtu, zito hata kulinyanyua kwataka nia, lenye bati la unene usiohitajiwa na mtoto yeyote, na kingo zilizokunjwa kwa utaratibu wa mtu aliyezoea chuma kitakachopigwa mawe ya barabarani miaka kumi, mawazo ya mjuzi huelekea East Moline kabla ya mahali pengine. Mzee Lundahl hakujua kutengeneza bati jembamba; aliwatengenezea watoto madigadi.

Huko Boston kiwanda cha Keystone kilikuwa kikiunda mashine ndogo za kuonyeshea sinema majumbani, kisha katikati ya miaka ya 1920 kikaingia katika malori makubwa ya bati kushindana na Lundahl, kikapata ruhusa ya kampuni ya magari ya Packard kuuiga uso wa lori lake. Kwa hiyo lori lisilo jina, lingawa zito na kubwa kama la East Moline, likiwa na uso wa Packard hutafutiwa nasaba yake Boston. Nylint ya Rockford, iliyoanzishwa mwaka 1937, ilitoka katika vyombo vya jikoni. Structo ya Freeport, iliyoanza mwaka 1908, ilitoka katika vipande vya chuma vyenye matundu, ambavyo mtoto aliviunga mwenyewe kwa nati na bolti. Na katika mji huo huo wa Freeport palikuwa na Arcade, mabingwa wa vinu vya kusagia kahawa, ambao vitu vyao vilikuwa vya chuma cha kusubu. Basi mtu akiambiwa tu kwamba beleshi la babu yake lilinunuliwa Freeport, bado hajaambiwa neno, mpaka ajue kwanza chuma chake kilimiminwa au kilikandamizwa.

Tofauti hiyo ndiyo mlango wa kwanza, nao ni mlango mpana. Chuma cha kusubu kilimiminwa katika kalibu za mchanga, nusu ya kushoto na nusu ya kulia, kisha nusu hizo zikakutanishwa na kushikwa kwa ribiti iliyopondwa kichwa kwa nyundo. Ni kizito kwa umbo lake, na kikianguka sakafuni hupasuka kama chungu. Bati lililokandamizwa ni kipande kimoja kilichokunjwa, huonyesha mikunjo yake ndani, na kikianguka hubonyea tu. Ya tatu ni madini ya mchanganyiko, zinki pamoja na aluminiamu na shaba kidogo, yaliyosukumwa kwa nguvu ndani ya kalibu za chuma, ambayo hutoa sura nzuri mno. Lakini katika zama za kwanza yaliingiwa na uchafu wa risasi, na vitu vingi vya kabla ya Vita Kuu ya pili vilivyofanywa kwa madini hayo vimetoka nyufa, vikavimba na kumong'onyoka vyenyewe kabatini, bila ya kuguswa na mtu. Ugonjwa huo ni huzuni kwa mwenye kitu, walakini kwa mtafutaji ni tarehe iliyoandikwa.

Sheria tuliyoizoea haihukumu kwa shahidi mmoja, na hapa vile vile inafaa waitwe mashahidi wengi, wadogo kwa wakubwa. Parafujo yenye kichwa cha msalaba ni shahidi mzuri: Henry Phillips wa Portland, Oregon, alipata hataza zake mwaka 1936, basi beleshi lenye parafujo za namna hiyo haliwezi kuwa la 1925, ila kama limefunguliwa na kutengenezwa baadaye, na hilo nalo hujulikana kwa kutazama kama rangi ya kiwandani imepita juu ya kichwa cha parafujo au imekwanguliwa na bisibisi. Nambari ya hataza ni shahidi mwingine, kwa sababu tangu mwaka 1927 sheria ya Marekani ilitaka nambari yenyewe iandikwe, ambapo zamani ilitosha kuandika tarehe. Kwa hiyo kitu kisicho na jina la kiwanda lakini chenye nambari chini ya gurudumu humpeleka mtafutaji katika daftari za serikali, akalikuta jina la mvumbuzi pamoja na mchoro wake. Kutokuwapo kwa maandishi nako ni maandishi. Sheria ya forodha ya 1890 iliamuru bidhaa za kigeni ziingiazo Marekani ziandikwe jina la nchi zilikotoka, basi kitu kilichonunuliwa huko nacho hakina jina la nchi, aghalabu ni cha nyumbani. Na kikiwa cha mti mahali pa chuma, mtu aulize habari za mwaka 1942, serikali ilipozuia chuma kwa ajili ya vita, na kiwanda cha Buddy L chenyewe, kilichojenga sifa yake juu ya unene wa bati, kikalazimika kuwafanyia watoto malori ya mbao.

Lakini nasaba nyingine ni ngumu, kwa kuwa wazazi ni zaidi ya wawili, na katika hizo hapana inipendezayo kama ya beleshi la Mound. Mound ni mji mdogo wa Minnesota kando ya ziwa Minnetonka. Mwaka 1946 watu watatu, Lynn Baker, Avery Crounse na Alvin Tesch, walifungua karakana katika jengo lililokuwa skuli zamani, wakaiita Mound Metalcraft, na nia yao ilikuwa kutengeneza majembe, reki na zana nyingine za bustani. Kampuni ya Streater, iliyokuwa katika jengo hilo kabla yao, ilikuwa na michoro na hataza za vitu vya kuchezea, lakini mwenyewe hakuwa na hamu ya biashara hiyo tena, akawajia wale watu wa majembe kuwapa. Tesch akairekebisha michoro. Erling Eklof akachora nembo, yenye jina Tonka, neno litokalo katika lugha ya Wadakota, wenyeji wa nchi ile, maana yake kubwa, nalo ndilo limo pia katika jina la ziwa. Mwaka 1947 wakatoa vitu viwili, beleshi la mvuke nambari 100 na winchi nambari 150, wakauza 37,000. Majembe yakasahauliwa, na mwaka 1955 kampuni yenyewe ikabadili jina, ikaitwa Tonka.

Tuseme basi beleshi la miaka ile limeokotwa, utando wa nembo umebanduka, nyekundu na buluu zake zimefifia. Nani mtengenezaji wake? Streater aliyeliwaza, au Tesch aliyelirekebisha, au mhunzi wa majembe wa Mound aliyelikunja? Mimi sioni kosa kumjibu muulizaji kwa majina yote, pamoja na daraja ya kila mmoja, kama tufanyavyo tunapotaja jahazi: mwenye mali ni fulani, aliyeliunda ni fulani, na mbao zilitoka kwa fulani. Mjuzi atakayelitambua hatalitambua kwa rangi, kwani rangi hupakwa upya. Atapima mkono wake na ndoo yake, atatazama magurudumu, na kuyalinganisha na beleshi jingine la aina ile lililosalimika na nembo yake. Ulinganifu huo wa kitu kwa kitu, kipimo kwa kipimo, unashinda ufasaha wa kila msemaji, hata wa muuzaji hodari.

Mwaka huo huo wa 1947, niseme hapa kwa kuwa siwezi kuupita bila ya kukumbuka, ndipo matrekta na mabuldoza ya mradi wa karanga yalipoingia Kongwa, mengi yake yakiwa makuukuu yaliyobaki kutoka vitani, na watu wa Ugogo wakaiona kwa macho mitambo ambayo watoto wa Minnesota walikuwa wakiisukuma mchangani. Huku kwetu mvulana aliyetaka katapila lake alilifanya kwa waya na kopo la maziwa, na magurudumu ya kandambili zilizokwisha. Hakuliandika jina, na mtaa mzima ulijua ni kazi ya nani.

Limebaki jambo la ughushi, nalo halistahili kupitwa, maana vitu vya chuma cha kusubu vimeigizwa sana. Mwigaji huchukua kitu halisi, akakikandamiza katika mchanga kuwa kielelezo, kisha akamimina chuma chake. Lakini chuma kikipoa husinyaa, takriban sehemu moja katika mia, na mafundi wa kusubu waliokuwa wakichonga vielelezo vya asili walilijua jambo hilo, wakavichonga vikubwa kidogo kwa rula maalumu. Mwigaji hawezi kuongeza kitu juu ya kielelezo alichokikuta, basi nakala yake hutoka ndogo kuliko asili: beleshi la sentimita 30 hupungua milimita tatu hivi. Uso wake pia huwa na chembe za mchanga mnene, ambapo wa asili ni laini kama mkeka mkuukuu, na nusu zake mbili hazikutani vyema ukingoni. Rula ya mtoto wa skuli, kwa hiyo, mara nyingine hutosha kuukata ushahidi wa mzee wa mnada.

Na ukihamia Uingereza, mwaka 1948 utakuta mtambo mmoja wa kushindilia barabara, wa Aveling-Barford wa Grantham, umeigwa na watu wawili kwa wakati mmoja: Dinky ya Liverpool, iliyokuwa na jina kubwa, na karakana changa ya London ya Leslie Smith na Rodney Smith, wasio ndugu, walioyaunga majina yao wakapata Lesney. Wakikutanishwa watoto hao wawili wa baba mmoja, ambao rangi zao zimetoka, humpasa mtu atazame kwa subira. Fundi wa kalibu wa Lesney alikuwa Jack Odell, naye alikuwa na binti aliyesoma katika skuli isiyoruhusu mwanafunzi kuingia na kitu cha kuchezea kisichoenea ndani ya kiberiti. Inasimuliwa kuwa mwaka 1952 Odell aliufanya upya mtambo ule ule kwa shaba nyeupe, akaupunguza hata ukaingia katika boksi la kiberiti, akampa mtoto. Na mwaka uliofuata kampuni ikaanza kuuza vya namna hiyo kwa jina la Matchbox, mtambo wa kushindilia barabara ukiwa nambari moja. Watoto wa darasani walipouona ule wa kwanza walimzunguka binti wakitaka kila mmoja apate wake, wala hawakuuliza umetoka kiwanda gani, kwa kuwa walikwisha kuambiwa ni kazi ya baba yake.